Gereji ya paneli: gari lako likigongwa, nani hasa ndiye mteja?

Gari likigongwa hapa Mombasa, Kibarani au pale kwenye msongamano wa Changamwe, bredauni, yaani gari la kukokota, mara nyingi hufika kabla ya polisi, na swali la kwanza la dereva wake ni: "Tulipeleke wapi, bosi?" Jibu utakalotoa ukiwa bado unatetemeka ndilo litakaloamua wiki kadhaa zijazo. Gereji atakayokutajia yeye huenda ikampa chochote kwa kila gari analolifikisha. Ukikubali, kisha kampuni ya bima iseme gari lihamishiwe kwingine, safari ya pili huenda ukailipa mwenyewe, kwa kuwa mikataba mingi ina kikomo cha gharama ya kukokota gari.

Kwa hiyo kabla hujamjibu, piga ile nambari ya dharura iliyo kwenye hati zako za bima, au mpigie ajenti wako, uulize mawili tu: nani alivute gari, na liende wapi. Kama kuna aliyeumia, gari halitoki hapo mpaka polisi waseme, na huenda likapelekwa kwanza kwenye uwanja wa kituo. Kama hakuna aliyeumia, piga picha za magari yote mawili yakiwa bado barabarani, chukua nambari ya usajili na ya cheti cha bima cha mwenzako, kisha uripoti kituoni upate abstrakti, ile hati ya polisi inayoonyesha kwamba ajali iliripotiwa. Usiiache ripoti ipite saa 24. Bila abstrakti, faili la madai halisogei.

Paneli ni orodha

Neno lenyewe huwachanganya watu. Fundi wa bodi akisema paneli anamaanisha bati la mlango au la ubavu. Kampuni ya bima ikisema gereji ya paneli inamaanisha gereji iliyo kwenye orodha yake, ambayo imekwisha kukubaliana nayo bei na masharti. Kuingia kwenye orodha si cheti cha ustadi. Zipo gereji za paneli zenye mafundi hodari sana, na zipo zilizoingia kwa sababu zinavumilia kulipwa polepole.

Hili la kulipwa polepole ndilo mzizi wa mambo mengi. Gereji ya paneli hununua rangi, hulipa mafundi na wakati mwingine hununua spea kwa pesa yake, kisha husubiri kampuni ilipe baada ya wiki au miezi. Fundi wako wa Majengo anayejua gari lako kama kiganja cha mkono hawezi kukaa hivyo. Anataka deposti leo akanunue praima, ile rangi ya kwanza ya kushika bati. Sababu ya pili ni kodi. Tangu mwaka 2024, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Kampuni ya bima ikimlipa fundi asiye na ankara hiyo, gharama hiyo inaweza kukataliwa katika hesabu zake za kodi. Kwa hiyo ukiambiwa "huyo hatuwezi kumlipa", mara nyingi suala si ustadi wake, ni karatasi.

Haya yote yanamaanisha jambo moja ambalo mwenye gari hukawia kulitambua: katika gereji ya paneli, mteja anayelipa ni kampuni ya bima. Wewe ni mwenye gari. Gereji inaogopa kuondolewa kwenye orodha kuliko inavyoogopa ulimi wako, kwa hiyo itafanya kilichoandikwa na kampuni. Kisichoandikwa hakitafanywa, hata kama wewe na meneja mmesoma madrasa moja.

Je, unalazimika kwenda huko? Sura ya 405, ile sheria inayolazimisha kila gari kuwa na bima, inahusu vifo na majeraha ya watu. Suala la gereji liko kwenye mkataba wako, na mikataba ya bima kubwa, ile inayolipia pia uharibifu wa gari lako, kwa kawaida huiachia kampuni uamuzi: itengeneze gari, ibadilishe kilichoharibika, au ikupe pesa taslimu. Lakini kampuni nyingi hukubali gereji yako ukiomba kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, kwa sharti kwamba zitalipa bei aliyoikubali asesa wao, yaani mkaguzi wa uharibifu, na kinachozidi ni juu yako. Utakapochagua mwenyewe, kumbuka umebeba pia dhamana ya ubora. Rangi ikibambuka katika gereji waliyokupeleka wao, unarudi kwao na barua. Ikibambuka kwa fundi wako, mnamalizana ninyi wawili. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida kubwa ya paneli, ila hufaidi nayo mtu aliyehifadhi karatasi.

Ripoti ya asesa

Gereji ikishapokea gari huandika makadirio. Kampuni humtuma asesa, naye hukagua, hupunguza, huongeza, kisha huandika ripoti. Kampuni hutoa barua ya idhini kwa kuifuata ripoti hiyo. Usikubali gari lifunguliwe kabla ya barua hiyo kutoka, labda asesa mwenyewe aombe ili aone ndani. Madai yakikataliwa gari likiwa limeshavuliwa bampa na boneti, gereji itakudai kazi ya kufungua, kazi ya kufunga, na ada ya uwanja kwa kila siku.

Omba nakala ya ripoti. Wengi hawaombi. Ukiipata, angalia safu inayosema kila kipande kitatengenezwa au kitabadilishwa, kwa sababu hapo ndipo gari lako linapoamuliwa. Tuseme Toyota Vitz imegonga nyuma ya lori kwa mwendo mdogo. Makadirio ya kwanza yatakuwa na bampa, grili, taa ya kushoto, boneti na fenda. Nyuma ya bampa kuna mti wa chuma unaopokea kishindo, na nyuma yake kuna kondensa ya AC, halafu rejeta. Kondensa imekaa mbele kabisa na bomba zake ni za aluminiamu nyembamba. Inaweza kupinda kidogo tu, gari likarudi likipoza vizuri, gesi ikavuja taratibu na baada ya majuma mawili ukawa unaendesha ndani ya tanuri. Katika joto la Mombasa hilo si jambo dogo. Hakikisha ripoti inataja kondensa kupimwa kwa presha na gesi kujazwa upya. Bila hivyo, utakaporudi utaambiwa hitilafu ya AC haihusiani na ajali.

Kikigunduliwa kitu kipya baada ya bampa kutolewa, gereji huandika makadirio ya nyongeza na asesa anatakiwa kurudi kukiona kabla hakijabadilishwa. Hapa ndipo siku nyingi hupotelea. Gereji inamngoja asesa, asesa anangoja picha, kampuni inangoja asesa, na kila mmoja anakuambia yuko tayari. Mpigie ofisa wa madai, utaje nambari ya madai, uulize tarehe ya ukaguzi wa nyongeza, kisha umwandikie barua pepe ya kuthibitisha mlichozungumza.

Safu nyingine ya kutazama ni asili ya spea. Kuna mpya za kampuni iliyotengeneza gari, kuna mpya za kuigiza, na kuna za ex-Japan zilizotumika. Usidhani ex-Japan ni tusi. Magari yetu mengi yenyewe yaliingia bandarini yakiwa yametumika, kwa kuwa Kenya inaruhusu magari yasiyozidi miaka 8, na boneti au taa ya ex-Japan mara nyingi hukaa sawa kuliko nakala mpya ya bei nafuu ambayo matundu yake ya skrubu hayakutani. Lakini vipo vitu ambavyo havifai kuwa vya kutumika: mikanda ya usalama, eabagi, tairodi, bolijointi na mipira ya breki. Vikiandikwa "vilivyotumika", pinga kwa maandishi.

Eabagi iliyofumuka haikunjwi ikarudishwa. Hubadilishwa yenyewe, pamoja na vikaza mikanda vilivyofyatuka nayo, na kompyuta yake, ambayo huhifadhi kumbukumbu ya ajali, hubadilishwa au kushughulikiwa jinsi mtengenezaji wa gari anavyoagiza. Njia ya mkato ni kuunganisha kizuizi kidogo cha umeme ili kompyuta idhani eabagi ipo, au kuitoa balbu ya taa ya onyo. Washa swichi bila kupiga injini: taa ya eabagi inapaswa kuwaka sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mchezo.

Kwa magari mapya zaidi, yenye kamera nyuma ya kioo cha mbele au rada nyuma ya nembo ya grili, kubadilisha kioo au bampa hakutoshi. Vifaa hivyo vinahitaji kurekebishwa upya kwa mashine, na gharama hiyo iwe kwenye ripoti.

Chumvi, unyevu na rangi

Mambo mengi ya ukarabati ni yale yale Nairobi na Mombasa. Rangi siyo. Chuma kilichosuguliwa kikabaki uchi usiku mmoja huku kwetu huamka na ukungu mwekundu wa kutu. Fundi akikipaka puti ya kujazia mabonde juu yake hivyo hivyo, kutu inaendelea kufanya kazi chini kwa chini. Kazi nzuri ni chuma kusuguliwa na kupakwa praima ya epoksi siku hiyo hiyo.

Puti nayo hunywa maji kama sifongo. Isuguliwe kavu. Fundi anayemwagia maji ili msasa uteleze anayafungia maji ndani, na maji yenyewe yakiwa ya kisima, ambayo kisiwani mara nyingi yana chumvi, ameweka chumvi chini ya rangi. Malengelenge madogo hutokea baada ya miezi, kwanza kwenye ukingo wa matgadi na kwenye mkunjo wa chini wa mlango. Wakati huo fomu zote zimeshatiwa saini. Unene wa puti usizidi milimita 3 hivi. Zaidi ya hapo chuma hakikunyooshwa, kilifichwa. Chukua sumaku ndogo ya friji, izungushie kitambaa chembamba, uipitishe juu ya bati. Ikishika vizuri kwenye mlango wa kulia na kuteleza kwenye wa kushoto uliotengenezwa, umeshajua. Kwenye bampa la plastiki jaribio hili halina maana.

Rangi ikipulizwa nje hewa ikiwa na unyevu mwingi, mathalani asubuhi baada ya mvua ya masika, thina inavyoruka huupoza uso wa bati na unyevu hujitundika juu yake. Matokeo ni weupe kama wa maziwa ndani ya rangi. Ndiyo maana chumba cha kupulizia rangi si anasa. Ukitembelea gereji, uliza kama wanacho, uliza kama kina joto la kukausha, na tazama kama bomba la kompresa lina kichujio cha maji. Kompresa isiyomwagwa maji kila siku hutema matone kwenye rangi na kuacha vitundu.

Rangi nyeupe ya lulu, kama ile ya Toyota yenye nambari 070, ina tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu, halafu klia. Idadi ya mikono ya lulu hubadilisha sura ya rangi, kwa hiyo mlango mpya haufanani na fenda ya jirani mpaka rangi ivutwe kidogo juu ya fenda hiyo. Asesa akiidhinisha mlango peke yake, gereji itapaka mlango peke yake. Omba kuchanganya rangi na bati la jirani kuandikwe. Nambari ya rangi iko kwenye kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango au ukuta wa injini; usiwaache wakisie kwa macho.

Hesabu

Chukua gari lililowekewa bima ya Sh1,400,000, na mkataba wenye eksesi, yaani sehemu ya gharama unayobeba mwenyewe, ya asilimia 2.5, kima cha chini Sh15,000. Eksesi yako ni Sh35,000. Ukarabati ukiwa Sh160,000, kampuni inabeba Sh125,000. Ukiwa Sh40,000, inabeba Sh5,000, na huenda ukapoteza punguzo lako la ada kwa kutodai. Kwa ajali kama hiyo nenda kwa fundi wako, ulipe, uyasahau. Ila ripoti kwa kampuni hata kama hudai, hasa mwenzako akiwa amegongwa, maana akija kudai baadaye na wewe hukusema kitu, utakuwa umevunja sharti la mkataba.

Kuna mtego unaouma zaidi ya eksesi. Gari la thamani ya Sh1,400,000 likikatiwa bima ya Sh1,000,000 ili ada ipungue, na mkataba una kipengele cha uwiano, kampuni inaweza kulipa kwa uwiano huo. Ukarabati wa Sh280,000 unakuwa Sh200,000, halafu eksesi ya Sh25,000 inatolewa, unabaki na Sh175,000. Zile Sh105,000 nyingine ni zako, hata gereji iwe ya paneli. Kadhalika tairi, betri na vitu vinavyochakaa vikiwekwa vipya badala ya vikuukuu, unaweza kudaiwa mchango wa uchakavu. Mchango huo unapaswa kuonekana kwenye ripoti kwa kiasi chake, si kutajwa siku ya kuchukua gari.

Gharama ikifika nusu ya thamani ya bima au kupita kidogo, kampuni nyingi huanza kulihesabu gari kuwa limekufa. Wakati mwingine makadirio ya nyongeza ndiyo yanayolivusha mpaka huo, likiwa tayari limefumuliwa. Hapo unaweza kulipwa thamani na kuliacha, au kulipwa pungufu na kubaki na mabaki. Kuhusu muda, kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinaipa kampuni siku 90 tangu madai yaripotiwe kukubali dhima au kuamua kiasi. Siku za gereji kutengeneza ni hesabu nyingine, kwa hiyo omba tarehe ya kumaliza kwa maandishi.

Siku ya kukabidhi na siku ya kuchukua

Unapoliacha gari, piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, betri na nambari yake, tairi zote pamoja na ya akiba, jeki, redio, na chini ya gari mahali pa masega, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi. Masega na betri hutembea. Mwambie mpokeaji aandike vyote kwenye fomu na atie saini, kisha uondoke na nakala.

Siku ya kuchukua, utakuta fomu ya kuridhika mezani. Gereji inaihitaji ili ilipwe. Kampuni inaihitaji ili ifunge faili. Nawe unahitaji barua ya kampuni ya kuliachilia gari, kwa hiyo watu wote watatu wana haraka, na kalamu utapewa hata kabla ya ufunguo. Saini hiyo ndiyo nguvu pekee uliyo nayo katika mlolongo huu. Usiitie ndani ya ofisi. Nenda kwanza uwanjani.

Nenda mapema, jua likiwa chini. Mwanga wa mshazari huonyesha mawimbi ya bati ambayo jua la saa sita huyameza. Chuchumaa mbele ya taa uangalie mfereji kati ya boneti na fenda, kulia na kushoto. Njiti mbili za kiberiti zikipita upande mmoja na kukwama mwingine, boneti haijakaa sawa, au sapoti yake ya ndani bado imepinda. Tazama raba za mlango kama zina vumbi la rangi. Tazama vichwa vya bolti za fenda: vilivyokwaruzika vinasema fenda ilitolewa, visivyokwaruzika kwenye fenda unayoambiwa ni mpya vinasema kitu kingine. Omba kuonyeshwa vipande vya zamani na ulinganishe na ripoti, kimoja kimoja.

Halafu liendeshe. Kwenye barabara iliyonyooka ulegeze mikono kidogo kwenye usukani. Likivuta upande mmoja, dai karatasi ya alainmenti yenye vipimo vya kabla na baada. Washa AC dakika kumi. Omba kijana mmoja amwagie maji ya mpira kwenye kioo na milango huku wewe ukiwa ndani, kwa sababu mlango uliotengenezwa vibaya hujulikana mvua ya kwanza.

Ukipata kasoro, iandike kwenye fomu yenyewe: "Nimepokea gari isipokuwa...", taja kila kitu, tia tarehe, piga picha, umtumie ofisa wa madai siku hiyo hiyo. Eksesi ilipe kwa kampuni au kwa akaunti iliyoandikwa kwenye barua, upate risiti. Pesa za mkononi kwa fundi hazina ushahidi. Omba pia dhamana ya rangi na kazi kwa maandishi, ikitaja miezi mingapi.

Ikiwa gereji haikusikilizi, iandikie idara ya madai, kwa sababu ndiyo iliyotoa idhini na ndiyo itakayolipa. Ikiwa nayo imenyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatanisha ripoti ya asesa, barua ya idhini, picha na ile fomu uliyoandika kasoro. Na hata mambo yakienda salama, ihifadhi ripoti pamoja na logbuku. Ukigongwa tena ubavu ule ule, asesa wa pili atakuta puti ya zamani na kuuliza kama uharibifu ulikuwepo tangu kabla, na ripoti hiyo itamwonyesha nini kilitengenezwa na lini.